Likirimba haikuandikwa kwenye formu



Juzi mama mmoja wa avenyu yetu hapa Bukavu alinifikia nyumbani na bahasha mkononi. "Weye mutoto wetu umesoma," akasema, "tuangalilie kwa nini walitukatalia." Ndani kulikuwa formu ya kuomba makuta ya mradi wa sabuni, kurasa kumi na moja, kwa Kifaransa. Wamama walijaza vizuri. Ila swali moja liliuliza kama kikundi kimekwisha kusimamia fedha mbele, nao wakaandika: hapana. Nikamuuliza, "Mama, na likirimba?" Akacheka. "Ile? Ile iko yetu tu, siye wenyewe."

Jibu hilo njo limenifanya niandike. Likirimba, ile ndugu zetu wa Kinshasa wanaita likelemba, kila mmoja wetu anaijua: wanachama wanatoa kiasi kimoja kila juma ao kila mwezi, na kwa zamu mmoja anapokea yote. Kikundi cha wamama hao kinaifanya miaka mingi bila mtu kukimbia na makuta. Sasa nani alitufundisha kwamba makuta yetu hayahesabiwi, kwamba fedha inakuwa fedha wakati inatoka kwa mgeni?

Turudi nyuma kidogo. Tangu 1888, wakati wa ule utawala wa Leopold wa pili, kulikuwa dekreti juu ya mashirika ya dini, ya sayansi na ya kusaidia watu. Ilitengenezwa kwa kufikiria misheni, haikutengenezwa juu ya babu zetu. Waafrika walipoanza kuungana mijini, waliungana chini ya jicho la mzungu. Mfano unaotuhusu sisi wasomi ni ADAPES, muungano wa waliosoma kwa mapadri wa Scheut, ulioanzishwa Léopoldville mwaka 1925 na padri Raphaël de la Kethulle, yule ambaye stade ya Kinshasa inabeba jina lake. Kumbe jumuiya za waliomaliza masomo kwetu zimefika miaka mia! Huko Stanleyville, Patrice Lumumba alijulikana kwanza kama mtu wa mashirika: aliongoza muungano wa wafanyakazi wa posta na ule wa walioitwa "évolués". Njo shule yake ya kuongoza mkutano na kuandika barua kwa wakubwa.

Mwaka 1947 Ubelgiji ikaanzisha mfuko mkubwa, Fonds du Bien-Être Indigène. Ulijenga visima, dispansere, maternite na shule vijijini. Kazi ilionekana, na kuna mahali majengo yake yangali yamesimama. Lakini nani alichagua kijiji gani kitapata kisima? Serikali ya koloni na misheni. Mwenye kijiji alipokea tu. Sijui kama kuna picha nzuri kuliko hiyo ya kueleza uhusiano wetu na mfadhili: yeye anapanga, siye tunasema asante.

Kisha uhuru, vita, njaa. Hapa Bukavu, mwaka 1965, watu wakaunda Comité Anti-Bwaki, CAB. Ninapenda sana jina hilo. Bwaki ni ule ugonjwa wa watoto wa kukosa chakula bora, tumbo linavimba, nywele zinageuka rangi. Waganga wanauita kwashiorkor. Mama yeyote wa Kivu, hata asiyejua a wala be, alielewa mara moja kamati hiyo inapigana na nini. Baadaye herufi zilibaki zilezile tatu lakini maana ikageuka: Comité pour l'Autopromotion à la Base. Sisemi kazi iliharibika, wazee wa CAB walifanya mengi. Ninasema tu kwamba bwaki haikuhitaji mtafsiri, autopromotion inamuhitaji. Tangu hapo tumeendelea kubatiza vikundi vyetu kwa maneno ambayo wanachama wenyewe hawawezi kuyatamka.

Wakati wa Mobutu, kikundi kisicho ndani ya chama hakikuwa na pumzi. MPR ilizaliwa 1967 na ikameza vijana, wafanyakazi, wote. Kazi ya pamoja ikageuka salongo ya lazima. Mlango uliobaki wazi kidogo ni wa makanisa na biro zao za maendeleo. Kupitia njia hiyo watu walipata pia mafunzo. Wazee wengine wanakumbuka vitabu vya INADES, shirika lililoanzishwa na Wajezuiti kule Abidjan mwaka 1962, ambalo lilifundisha wakulima kwa barua: unasoma somo, unajibu maswali, unatuma, wanakusahihisha. Hakuna hoteli, hakuna perdiemu.

Mambo yaligeuka 1990. Mwezi wa nne Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi wa tano wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi waliuawa, na Ubelgiji ikakata ushirikiano na leta. Wafadhili ambao hawakutaka tena kupitisha makuta mikononi mwa serikali walitafuta mikono mingine, wakaikuta ONG. Watu wa mashirika wakawa wakubwa: Pierre Lumbi, aliyetoka Solidarité Paysanne ya Bukavu, alifika hadi kuwa waziri. Kisha Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wakajaa Goma na Bukavu, kolera ikaua, na ndege za misaada zikafuata. Kwa kijana aliyesoma wakati huo, ONG ilikuwa kama vile Union Minière kwa babu yake wa Katanga: mahali pekee pa mshahara. Hapo njo "kuunda ASBL" ikawa kazi, na si tena kuungana na jirani juu ya shida moja.

Sheria nayo ikaja: namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ambayo ingali inatuongoza. Inataka statuti zipite kwa notere, maoni ya waziri anayehusika na kazi yenu, na mwishoni hati ya waziri wa sheria, ile tunaita personalite yuridike. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini kutoka Bukavu hadi Kinshasa hakuna barabara ya kusema kweli. Dosye lazima ipande ndege, na mtu wa kuifuatilia biro kwa biro. Kikundi cha wamama 20 kinabaki na karatasi ya komine ao ya jimbo tu, na formu nyingi zinauliza ile ya waziri.

Na pale formu inapouliza "kadre lojike"? Wengi wetu tuliifunza tukidhani ni sayansi iliyoshuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, kwa sababu wakubwa wa shirika hilo hawakuweza kuona miradi yao imefikia nini. Ni chombo cha mfadhili cha kujiuliza mwenyewe. Hakuna ubaya kukitumia. Ubaya ni formasyo ya siku tatu inayofundisha wamama kujaza visanduku vinne kwa vinne, wakati hakuna aliyewauliza daftari lao liko namna gani.

Juu ya daftari, sikieni hii. Mwaka 1991, kule Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake waliokuwa tayari na mzunguko wao wa makuta, sawa vile likirimba yetu. Wakaongeza mambo machache: akiba inakaa ndani ya kisanduku, inakopeshwa wenyewe kwa wenyewe na faida kidogo, kuna mfuko mdogo wa magonjwa na vifo, na mwisho wa mwaka wanagawana. Kisanduku kina kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Njia hiyo imezunguka Afrika, na kwetu Kivu inaitwa AVEC. Angalieni safari yake: ilitoka kwa wamama wa kijiji, ikaingia ofisini, ikarudi kwa wamama wa avenyu ikiwa na jina la Kifaransa na mwalimu wa kulipwa.

Milango midogo iko. Japani tangu 1989 ina msaada unaoitwa Kusanone, maana yake mizizi ya majani, kwa mashirika madogo ya mahali. Ubalozi wa Kanada una mfuko wake wa mipango ya wenyeji. Na kuna Fonds pour les Femmes Congolaises, iliyoanza 2007, ambamo Julienne Lusenge ni mmoja wa waanzilishi: wanawake wa Kongo wenyewe wanaotolea vikundi vya wanawake wenzao. Mfadhili wa namna hiyo anaweza kuelewa likirimba bila maelezo marefu.

Ahadi kubwa nazo zilikuwa. Istanbul, Mei 2016, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia 2020 robo ya makuta ya dharura iende kwa wenyeji moja kwa moja iwezekanavyo. 2020 ilipita, robo haikuonekana. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na mwezi wa saba USAID ikafungwa. Mwanzo wa mwaka huohuo benki za Goma na Bukavu zilifunga milango. Mwenye formu inayodai karatasi ya benki, aipate wapi?

Nilirudi kwa yule mama siku ya pili na kumuomba daftari. Akaleta matatu, moja limeng'atwa na panya pembeni. Tulikaa kwenye kibaraza tukihesabu: tarehe, majina, zamu, aliyechelewa, aliyesamehewa kwa sababu ya matanga. Miaka tisa. Tulipojumlisha, mwaka mmoja tu ulizidi kile walichoomba kwenye formu. Mama akanyamaza kidogo, akaita jirani yake aje aone.

Formu nyingine inafungwa Ijumaa ijayo. Kwenye swali lile tumeandika ndiyo, na tutaambatanisha picha za daftari. Mama anauliza kama kurasa zenye doa la mawese nazo tupige picha. Nimemwambia zote.