Mwanafunzi wa udaktari mwenye ulemavu: msaada wa darasani na wa staji

Kila mwaka vijana wa parokia zetu huingia fakulte za udaktari za Lubumbashi, Bukavu, Goma na kwingineko. Kati yao wamo wanaotembea kwa magongo kwa sababu ya polio, wanaosikia kwa shida, wenye kifafa, na waliokatwa mguu kwa sababu ya vita. Mara nyingi watu huwahurumia, au huwashauri wabadilishe masomo: "Chukua sosiolojia, mwanangu, udaktari utakuchosha." Kuna jambo lingine la kufanya, nalo sheria inalijua. Linaitwa marekebisho yanayofaa.

Maana yake ni hii: chuo au hospitali hubadilisha namna ya kufanya jambo fulani, kwa ajili ya mtu fulani, ili naye alifanye sawa na wenzake, bila kumtwika yeyote mzigo usiobebeka. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2015, yanataja marekebisho hayo hata kwa masomo ya chuo kikuu, katika kifungu cha 24. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yao. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayohusu haki zao moja kwa moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika barua kwa fakulte haombi sadaka.

Wazee wengi wa kanisa huuliza: je, wagonjwa watakuwa salama? Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba kiwango cha elimu hakishuki. Mtihani ni uleule na alama za kupita ni zilezile. Kinachobadilika ni njia. Musa aliposema kwamba ulimi wake ni mzito, hakuachiliwa kazi. Alipewa Haruni wa kusema kwa niaba yake, na wito ukabaki wa Musa. Mkalimani wa lugha ya alama aliyesimama kando ya kitanda hufanya kazi kama ya Haruni: hapimi ugonjwa, anapitisha maneno tu.

Darasani mambo si magumu sana. Mwenye kuona kwa shida apewe silabusi mapema, tena katika kompyuta, maana maandishi ya kompyuta hukuzwa na kusomwa kwa sauti kwa urahisi kuliko ya karatasi. Iko programu ya bure iitwayo NVDA inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti, hata kwa Kifaransa. Shida ni umeme. Sisi wa Mwadingusha tunaishi kando ya mitambo ya Lufira iliyoanza kazi mwaka 1930, lakini taa zinazimika mwanafunzi akiwa katikati ya sura. Betri au kibao kidogo cha jua ni marekebisho pia. Mwenye kusoma au kuandika polepole kwa sababu ya ulemavu aongezewe muda wa mtihani. Anayetumia kigari, promosheni yake ihamishiwe chumba cha chini. Hilo halidai franga hata moja, linadai mtu wa kupanga ratiba aliye tayari kusumbuka.

Kwenye staji ndiko vijana wetu wanakokwama. Mwanafunzi huzunguka idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi, na kila idara ina daktari wake mkuu, zamu zake na desturi zake. Yaliyokubaliwa huku hayajulikani kule. Asiyesikia vizuri anahitaji stetoskopu yenye kukuza sauti, au ile inayoonyesha mapigo ya moyo kwa mistari kwenye kioo. Katika chumba cha upasuaji kila mdomo umefunikwa, naye huwaelewa watu kwa kutazama midomo. Barakoa yenye sehemu ya plastiki inayopitisha mwanga humsaidia. Mwenye kifafa asipangiwe zamu za usiku mfululizo, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa. Alipe saa zake mchana. Mwenye mguu wa bandia aruhusiwe kuketi kwenye kiti kirefu wakati wa upasuaji. Anayetumia kigari anahitaji kitanda cha mgonjwa kinachoweza kushushwa, na nafasi ya kupita kati ya vitanda, jambo ambalo wagonjwa nao watalishukuru.

Zamani masharti ya shule za udaktari yalitaja viungo: lazima uwe na macho, masikio, mikono miwili. Siku hizi shule kadhaa huuliza kazi inayotakiwa kufanyika. Kusema "lazima asikie mapigo ya moyo" ni tofauti na kusema "lazima ajue hali ya mapigo ya moyo". Sentensi ya kwanza inafunga mlango, ya pili inaacha njia zaidi ya moja. Kama ningeulizwa fakulte zetu zianzie wapi, ningesema zianze kwa kuandika upya sentensi hizo.

Na si ndoto. Jacob Bolotin, kipofu tangu kuzaliwa, alimaliza udaktari Chicago mwaka 1912 na kujulikana kwa magonjwa ya moyo na mapafu. Aliwapima watu kwa masikio na vidole. Feranmi Okanlami, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa akijifunza upasuaji wa mifupa Marekani alipoumia uti wa mgongo mwaka 2013. Alirudi kazini, akawa daktari anayetumia kigari kinachomwezesha kusimama mbele ya mgonjwa. Lakini hata huko haki haikuja yenyewe: Michael Argenyi, mwanafunzi kiziwi, alikopa zaidi ya dola 100 000 ili alipie waandishi wa maneno na wakalimani ambao chuo chake hakikumpa, mpaka mahakama ilipoamua upande wake mwaka 2013.

Kwa nini haya yaandikwe kwa makanisa? Kwa sababu nyumba nyingi za staji ni zetu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni ya CEPAC. HEAL Africa ya Goma ilizaliwa katika imani hiyohiyo. UEA ya Bukavu na ULPGL ya Goma ni vyuo vya Kiprotestanti vyenye fakulte za udaktari. Hatuna wa kumsukumia lawama. Parokia inayolipa minervali ya kijana imuulize pia atafikaje hospitalini saa 12 asubuhi, maana pikipiki haibebi kigari. Kamati ya ujenzi ya hospitali ikumbuke kipimo cha njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha nusu mita zinadai mteremko wa mita 6. Nimeona mingine mifupi mno, ambayo hata kijana mwenye nguvu hawezi kuipanda bila kusukumwa.

Siri nayo ilindwe. Ofisi moja ya fakulte ipokee karatasi za daktari na kuzitunza. Wakuu wa idara wapewe barua inayotaja marekebisho tu, si jina la ugonjwa. Kwetu kifafa bado kinaitwa pepo na watu wengi, na neno likitoka ofisini linafika sokoni kabla ya jioni. Mchungaji anayejua asilitangaze katika maombi ya Jumapili bila ruhusa ya mwenyewe.

Barua iandikwe kabla ya staji kuanza, iseme kwa idara ipi kinahitajika kitu gani, nakala ibaki na mwanafunzi. Aketi na mkuu wa kila idara wiki ya kwanza, kisha waangalie tena katikati ya mzunguko, maana kilichofaa kwa watoto huenda kisifae kwenye chumba cha kuzalishia.