Mkalimani kama Mpelelezi: Uvira ya 1858 na Riwaya ya Uhalifu wa Kale

Riwaya ya upelelezi inayotungwa juu ya karne zilizopita humnyima mpelelezi polisi na maabara, ikamwachia macho, maandishi na maneno ya watu. Agatha Christie aliupeleka uuaji Misri ya kale katika Death Comes as the End (1944). Umberto Eco, katika Il nome della rosa (1980), alimfanya mtawa kuwa mpelelezi ndani ya monasteri ya mwaka 1327.

Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla aliukaribia uwanja huo kwa pembeni. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, inaiweka maiti ya Bwana Ali kwenye mzimu wa wahenga. Hata hivyo Bwana Msa, na kiko chake, ni mtu wa Unguja ya karne ya 20. Ukale humo ni pazia tu ambalo mwuaji hujificha nyuma yake.

Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika unampa mtunzi njia ya kuingia ndani ya ukale wenyewe. Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Swali lilikuwa zito, kwani mto unaotoka kuelekea kaskazini ungeweza kuwa chanzo cha Nili. Speke alikuwa amevuka ziwa peke yake, akaonana na mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim, akarudi na habari kwamba mto unatoka. Mwezi wa Aprili walifika Uvira kwa mitumbwi. Wana watatu wa mtawala Maruta wakasema unaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa Speke, alipofichua kwamba bwana wake alimwelewa Hamid kinyume.

Kosa lilitokea wapi? Katika Kiswahili "kutoka" na "kuingia" hayafanani hata kwa sauti. Lakini Bombay alizungumza na Speke kwa Kihindustani, lugha ngeni kwao wote wawili. Basi washukiwa ni watatu: kinywa cha mkalimani, sikio la msafiri, na hamu ya msafiri kusikia alichokitaka. Livingstone na Stanley walifika kwenye mlango wa mto Novemba 1871, wakauona unaingia. Maji yalishuhudia, lakini hayakumtaja mkosaji.

Mei 1881, huko Rumonge upande wa mashariki wa ziwa, kulitokea uuaji hasa: mapadre Deniaud na Augier, wa shirika la Mapadre Weupe, waliuawa pamoja na msaidizi wao d'Hoop. Barua na shajara zilizobaki ni za upande wa waliouawa. Mtunzi atakayezitegemea hizo peke yake atakuwa amemhukumu mshtakiwa kabla ya kumsikiliza, na riwaya yake itakuwa ripoti ya misheni yenye maiti ndani yake. Shahidi anayekosekana ni yule aliyesimama katikati na kuzifahamu lugha za pande zote mbili. Yeye ndiye mpelelezi anayefaa, na ndiye pia wa kushukiwa kwanza, maana msomaji, kama Speke, atajua yale tu ambayo mkalimani amekubali kuyatafsiri.