Maadui wa Destiny, 2014 hadi 2024

Destiny, mchezo wa video wa kampuni ya Bungie ya Marekani, uliingia sokoni tarehe 9 Septemba 2014. Ni mchezo wa kupigana kwa bunduki unaowakutanisha watu wengi kwenye intaneti. Mchezaji ni Mlinzi aliyefufuliwa kwa nguvu ya tufe kubwa jeupe liitwalo Traveler, na kazi yake ni kuulinda mji wa mwisho wa wanadamu. Mapigano yalisifiwa, hadithi ilichekwa. Adui mkuu aliitwa Giza, basi, bila sura wala sababu. Chanzo kilikuwa ndani ya kampuni yenyewe: mwaka 2013 hadithi iliyoandaliwa na timu ya mwandishi Joseph Staten ilikataliwa, ikasukwa upya harakaharaka, na Staten akaondoka Septemba ya mwaka huohuo.

Historia ya maadui ilikuwapo, ila ilifichwa kwenye kadi zilizoitwa Grimoire. Mchezaji alizipata kwa kuua na kupekua, lakini ili azisome ilimbidi atoke mchezoni na kwenda kwenye tovuti ya Bungie. Ulikuwa mpango wa ajabu, na wengi hawakujisumbua.

Mambo yalibadilika kwa Oryx. Desemba 2014 nyongeza ya The Dark Below iliwapa wachezaji kazi ya kumuua Crota, mwana wa Oryx, mfalme wa jamii ya Hive. Septemba 2015, katika The Taken King, baba mtu alifika na merikebu yake ya vita akaiegesha kwenye pete za Zohali. Kisasi cha mzazi hakihitaji kadi ya kukieleza.

Kadi mpya zilizoitwa Books of Sorrow ziliongeza kina. Zinasimulia juu ya mabinti watatu wa mfalme katika sayari ya Fundament, viumbe dhaifu walioishi takriban miaka 10 tu. Baba yao anapinduliwa na kuuawa. Wao wanakimbia na kuzama baharini, ambako miungu yenye maumbo ya minyoo inawapa uzima wa milele. Bei yake ni kubwa. Kila mmoja anapandikizwa mnyoo mwilini na hana ruhusa ya kuacha hulka yake: Aurash, atakayegeuka mfalme wa kiume na kuitwa Oryx, asiache kutafiti; Xi Ro, atakayeitwa Xivu Arath, asiache vita; Sathona, yaani Savathûn, asiache hila. Akiacha, mnyoo unamla. Kwa kuwa njaa yake haishi kukua, kila askari anatakiwa kuua na kupeleka sehemu ya mavuno kwa mkubwa wake, ngazi kwa ngazi hadi juu. Hivyo makundi ambayo wachezaji walikuwa wakiyamiminia risasi kwa mwaka mzima yalipata sababu ya kushambulia: lisiposhambulia, jeshi hilo linaliwa kutoka ndani.

Destiny 2, Septemba 2017, ilimleta Jemadari Ghaul, adui wa kawaida tu. Nyongeza yake ya 2018, Forsaken, ilithubutu zaidi. Mwanamfalme Uldren Sov alimuua Cayde-6, kipenzi cha wachezaji, na Uldren naye akauawa kwa kisasi. Kisha akafufuka akiwa Mlinzi asiyekumbuka lolote, na baadaye akaitwa Crow. Wakati huo maandiko ya historia yalikuwa yameanza kusomwa ndani ya mchezo wenyewe. Lakini Novemba 2020 Bungie iliiondoa kampeni ya Ghaul ili kupunguza ukubwa wa mchezo, na mwaka 2022 ikaiondoa ya Forsaken. Mchezaji mgeni akawa anakutana na Crow bila njia ya kucheza kisa kilichomleta. Kwa hadithi inayotegemea kumbukumbu, hiyo ni hasara isiyofidiwa na muhtasari.

The Witch Queen ya 2022 ilirudi Fundament. Savathûn anagundua kwamba maangamizi yaliyowatisha dada hao hadi wakaikubali minyoo yalikuwa uongo, na nyuma ya uongo huo yupo Witness, kiumbe kilichotokana na watu wa ustaarabu wa kale waliojiunganisha kuwa nafsi moja, wakitaka kuugandisha ulimwengu katika umbo moja la mwisho. Giza lilikuwa limepata uso, miaka minane baadaye. Juni 2024, katika The Final Shape, Witness alishindwa kwanza na vikosi vya watu 6, kisha akamalizwa katika operesheni ya wachezaji 12 kwa pamoja. Kati ya dada watatu, Xivu Arath peke yake alikuwa bado hajapewa kampeni yake.