Ushauri nasaha wa kiutu

Ushauri nasaha wa kiutu ni mkondo wa saikolojia unaoamini kwamba mtu akisikilizwa ipasavyo anaweza kujitambua, kuamua na kukua. Mwasisi wake mkuu ni Mmarekani Carl Rogers (1902–1987), aliyesisitiza mambo matatu: mshauri awe mkweli, amkubali mteja bila masharti, na ayaone mambo kwa jicho la mteja mwenyewe.

Hilo la pili ndilo gumu zaidi kwetu, kwa kuwa tumezoea mkubwa kunena na mdogo kuitikia. Chukua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, aliyetoka kijiji kimoja cha wilaya ya Kondoa au Mpwapwa. Amefeli mitihani, na nyumbani ng'ombe waliuzwa ili asome. Akisema, "Mwalimu, bora niache chuo," wengi wangemjibu akaze moyo. Mshauri wa mkondo huu humjibu: "Unaona umewaangusha waliokutegemea." Kisha hunyamaza. Kijana akilia, haharakishwi. Mara nyingi hapo ndipo anapoanza kusema linalomsumbua hasa.

Mbinu hii hufaa kwenye msiba, migogoro ya ndoa na hofu za ujana. Ina mipaka, na kuificha ni kumdhulumu mteja. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayetaka kujiua, asiachiwe mazungumzo peke yake. Apelekwe haraka kwa daktari. Jijini Dodoma ipo Hospitali ya Mirembe, inayotibu wagonjwa wa akili tangu enzi za ukoloni.