Je, Leseni ya Zana Huingia Ndani ya Kazi? Historia ya GPL na Zana za GNU

Mnamo Juni 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Microsoft, aliliambia gazeti la Chicago Sun-Times kwamba Linux ni saratani: inashika kila hakimiliki inayogusana nayo. Kwa maelezo yake, ukitumia programu huria yoyote huna budi kuifanya programu yako nzima kuwa huria. Madai haya hayajafa. Wapo wanafunzi wenzangu wanaoogopa kuandika mradi wa mwaka wa mwisho kwa kompaila ya bure, wasije wakapoteza haki ya kazi yao. Katika insha hii ninayapima madai hayo kwa historia. Hoja yangu ni kwamba leseni haiingii ndani ya kazi kwa sababu tu zana imetumika. Huingia pale ambapo sehemu ya zana yenyewe inabaki ndani ya kazi. Mpaka huo ulichorwa polepole, kila ugomvi ulipozuka.

Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mnamo Septemba 1983, akiwa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Lengo lilikuwa kujenga mfumo mzima wa kompyuta ambao watu wangeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Ili kuujenga zilihitajika zana, na mojawapo ilikuwa kompaila ya GCC, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Leseni ya GPL, toleo la kwanza, ilifuata mwaka 1989. Sharti lake kuu ni hili: anayesambaza programu iliyotokana na programu ya GPL lazima aitoe kwa masharti yaleyale, pamoja na msimbo chanzo wake. Ugumu wote umo katika neno “iliyotokana”.

Ugomvi wa kwanza ulihusu kuibadilisha zana yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya NeXT, iliyoanzishwa na Steve Jobs, iliiongezea GCC uwezo wa kusoma lugha ya Objective-C. Kampuni ilitaka kusambaza GCC upande mmoja na nyongeza yake iliyofungwa upande wa pili, kisha mtumiaji aziunganishe mwenyewe. Stallman ameeleza kwamba mwanzoni aliona mpango huo unaruhusiwa kisheria. Alipomuuliza wakili, akaambiwa kuwa mahakama ingeuona ni ujanja wa kukwepa leseni. NeXT ikaitoa nyongeza hiyo kwa masharti ya GPL, na GCC ikapata Objective-C.

Ugomvi wa pili ulihusu maktaba, yaani misimbo iliyo tayari ambayo mwandishi huiunganisha na programu yake. Mwaka 1991 ilitolewa leseni nyepesi zaidi, LGPL, inayoruhusu hata programu zilizofungwa kutumia maktaba husika. Lakini si kila maktaba iliyopewa leseni hiyo. Readline, inayomwezesha mtumiaji kurekebisha mstari anaouandika, iliachwa chini ya GPL kwa makusudi. Mwaka 1992 Bruno Haible, mmoja wa waandishi wa programu ya CLISP, aliandikiana na Stallman kuhusu jambo hilo, kwa kuwa CLISP ilitumia Readline bila kuwa chini ya GPL. Mwishowe CLISP nzima ilihamia GPL.

Kisa cha tatu ndicho kinachotugusa zaidi, kwa sababu kinahusu matokeo ya zana. Bison husoma kanuni za sarufi ya lugha ya kompyuta, kisha huandika kichanganuzi kwa lugha ya C. Inapofanya hivyo, hunakili kipande kikubwa cha msimbo wake yenyewe ndani ya kichanganuzi hicho. Kwa hiyo, kabla ya toleo la 1.24, vichanganuzi vya Bison viliweza kutumika katika programu huria tu. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. GPL ya kawaida ilikuwa imewekwa juu ya msimbo wote wa Bison, na matokeo yakafuata. Baadaye wenye mradi waliona kwamba kizuizi hicho hakikuwashawishi watu wengi kuzifanya programu zao kuwa huria, wakaandika ruhusa maalumu.

GCC haikuwa na kizuizi hicho. Hata hivyo, nayo huacha vipande vya maktaba yake, libgcc, ndani ya programu inazozikusanya. Vipande hivyo vina ruhusa yake maalumu, iliyoandikwa upya mwaka 2009 baada ya GPL toleo la 3 kutoka mwaka 2007.

Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. NeXT na CLISP kweli zilifikiwa na leseni. Kosa la Ballmer lilikuwa kuchukua jambo linalompata anayebadilisha au kuunganisha, akalifanya la kila anayetumia. Seremala akikata mbao kwa msumeno wa kuazima, msumeno haubaki ndani ya kiti. Msumari wa kuazima hubaki.

Kwa mwanafunzi, tofauti hii ina uzito. Programu uliyoiandika mwenyewe na kuikusanya kwa GCC ni yako, na unaweza kuiuza ukiwa umeifunga. Ukiiunganisha na Readline kisha ukaisambaza, itabidi uitoe kwa GPL. Ukibaki nayo kwenye kompyuta yako bila kumpa mtu mwingine, GPL haikudai uitoe. Na pale zana inapoandika msimbo kwa niaba yako, kama Bison, soma ruhusa maalumu iliyoandikwa mwanzoni mwa faili lililozalishwa kabla ya kumkabidhi mteja kazi.