Wafungwa wa Kangai: Imani, Kushindwa na Tumaini kati ya Mpumudde na Mbale

Tarehe 6 Aprili 1923, mzee wa miaka ipatayo sabini alifariki dunia Mpumudde, kilima kilicho pembezoni mwa mji wa Jinja. Mzee huyo alikuwa Chwa wa Pili Kabalega, Omukama wa Bunyoro, aliyepigana na Waingereza kwa miaka mingi na kisha akaishi uhamishoni kwa miaka 24. Alikuwa njiani kurudi kwao. Tangu mwaka 1912 reli ya Busoga ilitoka Jinja hadi Namasagali, na kutoka Namasagali meli zilivuka Ziwa Kyoga kuelekea Bunyoro. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi cha safari ndefu mno, lakini hakukimaliza akiwa hai. Alizikwa Mparo, karibu na Hoima.

Alikufa Mkristo aliyebatizwa kwa jina la Yohana. Miaka ishirini kabla yake, Mei 1903, mfalme mwingine wa Uganda alikuwa amefia Ushelisheli naye akiwa Mkristo: Mwanga wa Pili, Kabaka wa Buganda, aliyebatizwa Danieri. Ni Mwanga yuleyule ambaye kwa amri yake Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na vijana wa ikulu wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Wafalme hawa wawili walikamatwa pamoja Kangai, katika nchi ya Lango, tarehe 9 Aprili 1899, na jeshi la Kanali John Evatt. Kati ya waliowawinda alikuwamo jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, Mprotestanti aliyebatizwa na mshirika mkubwa wa Waingereza, ambaye jina lake halitengani na historia ya Mbale. Miaka ishirini baada ya ushindi ule, Kakungulu aliuacha Ukristo. Walioshindwa waliingia kanisani, na aliyeshinda akatoka.

Sidhani jambo hili linapaswa kupita kama sadfa tu. Katika mahubiri, katika vitabu vya wokovu na hata katika tasnifu za vyuo vyetu vya theolojia, tumezoea kusema kwamba taabu humleta mtu kwa Mungu: mtu huanguka, hulia, humwona Kristo, kisha huinuka. Naona maelezo hayo hayatoshi. Waliopita Kangai wote walipata taabu, kila mmoja kwa zamu yake, na hawakufika mahali pamoja. Ninachodai katika makala haya ni kwamba uongofu wa mtu aliyeteseka hauwezi kupimwa kwa ukubwa wa mateso yake, wala kwa usafi wa nia aliyoingia nayo, maana nia ya mtu haijulikani. Tuutazame katika swali moja: tumaini lake lilifanya nini pale aliponyimwa lile alilokuwa akilitaka?

Pingamizi kubwa linafahamika, na lina uzito. Mfungwa hubatizwa ili ampendeze anayemfunga. Ushelisheli ilikuwa koloni la Uingereza, na Kanisa la Kianglikana lilikuwa kanisa la gavana. Prempeh, Asantehene, yaani mfalme wa Asante, aliyepelekwa kisiwani humo mwaka 1900, naye alibatizwa Mwanglikana kwa jina la Edward na akarudishwa kwao mwaka 1924. Ukiwapanga wafalme watatu kwenye mstari mmoja, mtu mwenye shaka atasema mpango uko wazi: batiza, tulia, andika barua kwa serikali, rudi nyumbani. Wanahistoria waliosoma wakati ambapo makanisa ya kikoloni yalikuwa yakichunguzwa kwa ukali, na kwa haki, wana sababu ya kusita.

Lakini tumfuate Mwanga hatua kwa hatua. Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini ya Ziwa Victoria, na huko Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, alipewa hifadhi na Mapadre Weupe, wenzao wa mapadre waliowafundisha dini baadhi ya vijana aliowaua. Waliomrudishia kiti chake walikuwa majeshi ya Wakristo. Kama ubatizo ungekuwa na bei nzuri wakati wowote katika maisha yake, wakati ulikuwa huo. Alijiita Mkatoliki, na mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, akahamia upande wa Waprotestanti. Hapo dini ilikuwa kwake bendera ya chama, na aliibeba ile iliyokuwa na bunduki nyingi. Hakubatizwa. Mwaka 1897 aliasi, akashindwa, akakimbilia kwa Wajerumani, akatoroka tena, hatimaye akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, nchi ambayo Buganda ilikuwa imepigana nayo kizazi baada ya kizazi.

Ubatizo ulikuja kisiwani, pale ambapo haungemrudishia kitu. Kiti cha Buganda kilikuwa kimekaliwa na mwanawe, Daudi Chwa, tangu akiwa mtoto mchanga, na Mkataba wa Uganda wa 1900 ulikuwa umekwisha kugawa ardhi kwa machifu waliomwasi. Hakuwa na jeshi, hakuwa na chama, na miaka yake ya kuishi ilikuwa michache. Wakati dini ilipolipa sana hakuipokea kwa maji. Wakati ilipokuwa hailipi aliipokea. Sisemi kwamba jambo hili linathibitisha moyo wake, na sitamtungia maneno ya toba. Lakini anayeshikilia kwamba aliongoka kwa hesabu ya faida anapaswa atueleze faida yenyewe ilikuwa ipi.

Kwa Kabalega hoja ni ngumu zaidi, kwa kuwa yeye hatimaye aliruhusiwa kurudi. Tukumbuke hali aliyokuwa nayo. Kangai alipigwa risasi mkononi, na mkono ule ukakatwa. Mfalme wa Bunyoro aliyeunda jeshi la kudumu la abarusura, aliyemfukuza Samuel Baker Masindi mwaka 1872, sasa alikuwa mtu mwenye mkono mmoja katika nyumba ya ugenini, ambako watu walisema Kikrioli cha Kifaransa. Huko alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima. Hapa panahitaji kutazamwa kwa karibu: mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyezoea kuamuru, ameketi na vitabu vya watoto, anafuata herufi moja moja kwa kidole cha mkono uliosalia. Kwa makanisa ya wakati huo, kusoma na kuingia dini vilikuwa mlango mmoja. Wenyeji wa Uganda wenyewe waliwaita Wakristo wasomaji. Aliyekubali kuwa mwanafunzi katika umri ule alikubali kitu ambacho vita vyote havikumlazimisha: kwamba yako mambo asiyoyajua, na kwamba angeweza kufundishwa.

Baada ya hapo alisubiri. Mwanga alikufa naye akabaki. Mwanawe Andereya Duhaga, Mkristo, alitawala Bunyoro tangu 1902 chini ya Waingereza, na mwaka 1907 Wanyoro wakawagomea machifu wa Kiganda katika ule mgomo wa Nyangire, na mzee bado alikuwa kisiwani. Kama ubatizo ulikuwa nauli ya kurudi nyumbani, basi nauli ililipwa na gari halikuja kwa miaka mingi. Imani ya kubembeleza haidumu hivyo. Huchoka, hugeuka, hutafuta mlango mwingine. Kumbukumbu tulizo nazo zinaonyesha kwamba hakugeuka.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Manase katika Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 33: mfalme aliyetenda maovu makubwa, akachukuliwa kwa minyororo, akaomba akiwa utumwani. Lakini Manase alirudishiwa ufalme wake. Mwanga alirudi Buganda mwaka 1910 akiwa mifupa ya kuzikwa Kasubi, na Kabalega alifika Jinja akafa. Hadithi ya Manase inamalizika kwa namna ambayo wao hawakupewa, na hapo ndipo uzito wa ushuhuda wao unapolala.

Sasa tumgeukie aliyeshinda. Kakungulu alipigana kwa ajili ya Waingereza akiamini kwamba angepewa ufalme wake mwenyewe mashariki. Aliteka sehemu kubwa ya Bukedi, akajenga ngome, akafungua barabara, na Mbale ilikua kutokana na makazi yake. Serikali ikamtumia, kisha ikampunguza. Kuanzia 1906 hadi 1913 aliwekwa Jinja kuwa rais wa lukiiko, yaani baraza, ya Busoga, cheo cha heshima chini ya maofisa wa Kizungu, kisha akarudi Mbale bila ufalme aliokuwa akiutarajia. Michael Twaddle, katika wasifu wake wa 1993, ameeleza kwa kina uchungu huo na jinsi ulivyochanganyika na usomaji wake wa Biblia. Alijiunga kwanza na Bamalaki, kanisa la Malaki Musajjakawa lililokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akasimama juu ya Torati, na huko Gangama, nje ya Mbale, ikaanza jumuiya ya Abayudaya, yaani Wayahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha sala na mafundisho kwa ajili yao. Alifariki Novemba 1928.

Ingekuwa ni kumdhulumu Kakungulu kusema kwamba alikosa unyofu. Alipoteza mengi kwa uamuzi ule, na jumuiya aliyoianzisha ingali hai. Wala sitaki Mkristo asome historia hii kama hukumu juu ya Uyahudi. Ninachokiona ni kitu kingine. Dini aliyoipokea kwa Waingereza ilikuja imeshonwa pamoja na ahadi zao, na ahadi zilipovunjwa alilazimika kutafuta maandiko ambayo mkono wa serikali haujayagusa. Bado alikuwa na ardhi, wafuasi na jina; aliweza kujijengea nyumba nyingine ya imani, naye akaijenga. Mwanga na Kabalega waliikuta dini ileile ya Kiingereza wakati ilipokuwa haina ahadi yoyote ya kuwapa. Waliipokea ikiwa tupu, na walichokipata ndani yake hakikuwa cha gavana kukitoa wala kukinyima.

John Mbiti, aliyefundisha Makerere katika miaka ya 1960 na 1970, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba fikra za jadi za Kiafrika huelekea zaidi wakati uliopita, na kwamba siku za usoni za mbali hazina nafasi kubwa ndani yake. Kwa hiyo tumaini la Kikristo la mambo ya mwisho lilikuwa somo geni. Dai hilo limepingwa sana, nami naungana na wanaolipinga, lakini Kabalega anatufundisha kwa nini Mbiti hakukosea kabisa. Tumaini lake lilielekea nyuma: Bunyoro, Mparo, makaburi ya babu zake. Lilielekea mbele pia, kwa ubatizo uliompa jina la Yohana. Hakulazimika kuchagua. Mzee aliyevuka bahari ili akazikwe kwao hakuwa Mkristo nusu. Mapokeo ya kanisa lenyewe yanamkumbuka Yusufu aliyewaapisha ndugu zake waibebe mifupa yake kutoka Misri, na Waraka kwa Waebrania unaihesabu hamu hiyo kuwa imani.

Hoja hii inagusa makanisa ya leo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka katika miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda na Namirembe jijini Kampala, uliwapa Wakristo wa Uganda lugha ya kusimulia mabadiliko yao: kuvunjika, kuokoka, kutembea nuruni. Balokole, yaani waliookoka, wa mwanzo waliungama dhambi zao hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Mwaka 1941 William Nagenda na wanafunzi wenzake walifukuzwa chuoni Mukono kwa sababu ya msimamo wao. Ushuhuda wa wakati ule haukudai mwisho mwema wa kidunia. Mtu alisema alivyokuwa na alivyosamehewa, kisha akakaa.

Siku hizi, katika makanisa mengi ya Jinja na Mbale, ushuhuda umepewa umbo jingine. Mama anayeuza matoke sokoni anasimama, anasema "Bwana asifiwe," na watu wanaitikia. Anaeleza mume aliyemwacha, mtoto aliyeugua, deni la kikundi cha akiba. Halafu inasubiriwa sehemu ya mwisho: kazi iliyopatikana, kiwanja, ugonjwa uliopona. Ikiwa sehemu hiyo haipo, kiongozi humshukuru upesi na kumwita mwingine. Nimeona watu wakijifunza kutosimama kabisa kwa sababu maisha yao hayajafika kwenye sehemu ya mwisho, na hilo linanisikitisha kuliko kosa lolote la mafundisho, maana hao ndio ambao imani yao inafanya kazi ngumu zaidi. Kwa kipimo hicho Kabalega asingepewa nafasi ya kusema neno, na kilima alichofia kiko mwendo wa muda mfupi tu kutoka kwenye madhabahu za Jinja.

Liko pia suala ambalo makanisa yamelikwepa. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, Wakatoliki kwa Waanglikana. Mwanga hutajwa pale kama muuaji, na alikuwa muuaji. Ubatizo wake husemwa pembeni, kama habari ya kumalizia. Lakini ikiwa ubatizo ule ulikuwa halali, basi Danieri Mwanga na Karoli Lwanga, mmoja wa vijana aliowachoma, ni wa mwili mmoja wa Kristo, na liturujia ya siku ile haina budi kuwa na mahali pa kusema hivyo, hata kama ni kwa sala moja fupi ya kumwombea mfalme aliyewachoma na kisha akaja, amechelewa na bila kiti, kwenye dini yao.