Mfupa Haungoji: Masisi na Walikale Wakati wa Ebola na Korona

Tukitaja Korona, wengi hukumbuka barakoa na ndoo za maji mlangoni. Wachache hukumbuka waliovunjika mifupa miaka ile ile. Leo tuangalie historia yao.

Kwetu mfupa huvunjwa na risasi, na pikipiki, na chukudu iliyoshindikana kwenye mteremko. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Médecins Sans Frontières walianza kuisaidia mwaka 2007, hupokea majeruhi wengi. Lakini kazi ngumu ya mifupa imekuwa ikipelekwa Goma: kwa HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn, au CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa walianza kazi mwaka 2012. Toka Masisi mpaka Goma ni kama kilomita 80. Toka Walikale ni zaidi ya 200. Na wa kijijini hubebwa kwanza kwa tipoyi mpaka barabarani.

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa katika jimbo letu. Mwaka 2019 ilifika Goma mwezi wa saba, na Pinga, wilaya ya Walikale, mwezi wa nane. Iliua watu 2,287, ikatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Kabla haijaisha, tarehe 10 mwezi wa tatu, Korona ilikuwa imeonekana Kinshasa. Magonjwa mawili yakapishana mlangoni.

Ebola hupita kwa damu, na majeruhi huja akivuja damu. Kwa hiyo kupima joto, kuuliza ametoka wapi na kuvaa kinga vilipaswa kwenda pamoja na kuzuia damu, wala si kuichelewesha. Korona nayo ikafanya hospitali duniani kuahirisha upasuaji unaoweza kungoja. Lakini upi unaweza? Mfupa uliotoboa ngozi haungoji: huoshwa haraka, mgonjwa hupewa antibiotiki na kinga ya pepopunda. Mguu uliounga vibaya unaweza kungoja. Ila kwetu mwezi mmoja hugeuka mwaka, na mtoto hukua akichechemea.

Tena kuna kitanda. Mtu mzima aliyevunjika paja, akitibiwa kwa kuvutwa na uzito, hulala wiki sita au zaidi. Pembeni yuko ndugu anayempikia na kumwosha. Ukipunguza msongamano kwa kumfukuza ndugu, mgonjwa atalala njaa. Ukimfunga plasta au vyuma vya nje ili aende nyumbani, muhami atarudi chini ya bashi, na siku ya kuonwa tena barabara huenda imefungwa.

Goma yenyewe si mlango wa kudumu. Lava ya mwaka 2002 iliharibu hospitali ambayo baadaye ikawa HEAL Africa. Mwezi wa tano 2021, Korona ikiwa bado, Nyiragongo ililipuka tena na watu wengi wa Goma wakakimbilia Sake, njia ile ile ya wagonjwa wetu. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Masisi-centre, kisha Goma, kisha Walikale-centre.

Historia hii inatufundisha kwamba huduma ya kwanza ya mfupa lazima iwe karibu na mtu: muuguzi wa kituo cha afya mwenye maji safi, dawa, mbao za kufungia, na simu ya kuuliza daktari.

Na wewe nyumbani: ukimfunga aliyevunjika, usikaze sana. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, legeza mara moja, mpeleke. Usiogope ndoo ya mlangoni. Osha mikono, uingie.